Nafasi ya Kyungu Kwenye Reli

Kamina, 8 Novemba 1943

Mvua imeanza leo na daftari hili limeanza nayo. Mke wangu Valérie alilinunua dukani kwa Mgiriki. Alisema mtu anayenung'unika kila jioni afadhali anung'unike kwa kalamu, wengine walale. Basi, mimi ni Maurice Mwanza, kapita wa kikosi cha reli, njia ya kwenda Bukama. Kapita habebi kitu. Anapuliza filimbi asubuhi, anaita majina, anaangalia wengine wakibeba. Watu wangu wanakubali kwamba hiyo nayo ni kazi, halafu wanacheka nikigeuka.

11 Novemba

Mvua. Tumebadilisha reli mbili.

14 Novemba

Waliofika na treni ya Kaniama wanasema kule kuna ndui. Kuna anayeipata ndogo akatembea nayo, na kuna anayekufa. Chanjo imeagizwa. Siku hizi za vita kila kitu kimeagizwa.

17 Novemba

Mkubwa wa njia ni mzungu tunayemwita Mapema, kwa kuwa huamka kabla ya jogoo. Hukaa barazani, kikombe cha kahawa mbele yake, na hakigusi mpaka asikie filimbi yangu. Filimbi ikilia anatazama saa, ndipo anakunywa. Hiyo ndiyo njia yake ya kujua kwamba dunia inakwenda sawa.

Leo alishuka kutusomea amri. Mwenye ndui ataingia lazareti, ile nyumba ya mabati nyuma ya ghala la kuni, atengwe na wenzake. Akiwa huko hana mshahara, na familia yake haina posho. Asiporudi kazini mwezi ukiisha, nyumba yake kambini inapewa mwingine.

Mzee Umba, ambaye uso wake umetobolewa na ndui tangu utotoni, aliinua mkono.

"Bwana, muntu akivunjika mugulu ku kazi, munamulipa. Akipata ndui, juu ya nini hapana?"

"Mugulu inavunjika na reli ya kampani," alijibu Mapema. "Ndui haiko ya kampani."

Nililiona ni jibu lenye mpangilio. Mimi napenda jibu lenye mpangilio.

19 Novemba

Valérie ameniuliza inakuwaje mtu mwenye homa arudi kutoka kazini amechoka kidogo kuliko wazima. Nimemweleza. Reli hubebwa begani, watu wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na nafasi yake tangu siku aliyoandikwa kazi. Mwimbaji wetu, Lucien Kyungu, anatoa wimbo, na neno la mwisho likifika wote wanainuka kwa pamoja. Sasa mtu akija na homa, au pombe ya Jumapili haijamtoka kichwani, wenzake hawamwachi apoteze siku. Wa mbele yake na wa nyuma yake wanakaza mabega zaidi, yeye anaweka mkono juu ya chuma na kutembea nao. Wenyewe wanasema wanamubebea. Hakuna katika kikosi ambaye hajawahi kubebewa.

"Na weye unaona?" aliuliza.

Nikamwambia nikiona nageuka kushughulikia kiko changu. Si huruma. Reli ikifika inapotakiwa, mimi sina deni na mtu.

Leo aliyebebewa ni Kitwa.

22 Novemba

Kitwa tena. Jua kali baada ya mvua, naye amevaa shati la mikono mirefu na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nilimuuliza ana nini.

"Iko malaria, kapita. Itapita."

Nikakigeukia kiko.

24 Novemba

Mvua ilitukuta njiani, mbali na kibanda. Shati la Kitwa likamganda mwilini na kofia ikaanguka. Wote wakaona kile ambacho nadhani wote walikuwa wanakijua. Alikaa chini kwenye kokoto, akajifunika uso kwa mikono, na mikono nayo ilikuwa imejaa vipele. Umba alimpeleka lazareti, kwa kuwa ndui haimrudii aliyekwisha kuugua.

29 Novemba

Kitwa amekufa. Matanga yamekatazwa. Mke wake amepewa nafasi kwenye treni kurudi kwao, na nyumba imekwishapigwa chokaa. Muuguzi wa lazareti, Jean Mbuyu, amenikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu Kitwa hakujificha peke yake. Tulimficha sote, tena kwa wimbo.

3 Desemba

Wawili wana homa. Mmoja ni mtu tunayemwita wa Katoto, kwa jina la kijiji chake, aliyekuwa akisimama mbele ya Kitwa kwenye reli. Mwingine ni Kyungu, aliyekuwa nyuma yake. Wa mbali zaidi wote ni wazima.

Kambini wanasema ni mjomba wa Kitwa amewatupia kitu. Wanamtafuta mchawi Bukama nzima, na mimi nimeikalia picha ya reli kichwani tangu mchana. Ugonjwa umefuata nafasi. Umemshika aliyekaza bega la mbele na aliyekaza bega la nyuma, basi. Waliombebea Kitwa ndio walioupata. Ningemwona mchawi ningelala vizuri zaidi. Nimeogopa.

4 Desemba

Kyungu alikuja kazini. Alisimama kwenye nafasi yake, macho mekundu, anatetemeka kwenye jua, na wenzake wakaanza kumsogelea kama ilivyo desturi yao. Nikapuliza filimbi na kuwaambia wasimame walipo.

"Rudi nyumba, Kyungu."

"Kapita, muke yangu Salomé eko karibu kuzala. Nikienda kule lazareti, mwezi utaisha, bataondoa ye mu nyumba. Atalala wapi na mutoto?"

"Na bale benye kukubebea, batalala wapi?"

"Minyi nilibebea kila mumoja hapa. Leo njo zamu yangu."

"Zamu ya kuwaua?"

Alitazama reli chini, kisha akaenda zake taratibu, akifuata njia ya majani. Hakuna aliyeimba. Walijaribu kuinua bila wimbo, kila mtu kwa wakati wake, reli ikainuka upande mmoja ikaanguka. Tuliiacha palepale kwenye matope. Walinitazama kama mtu aliyeiba. Nilikuwa na haki, na haki hiyo imenikaa vibaya siku nzima.

Jioni Valérie alipakua bukari, ugali wetu, na samaki wa Bukama. Akapakua na sahani ya Mathilde, binti yetu aliye shuleni kwa masista, akaifunika. Kwao ndivyo wanavyofanya: mtu akiwa safarini, sahani yake haiondoki. Kila jioni namlaumu kwa kupoteza chakula, ingawa asubuhi anakikaanga na mimi ndiye ninayekila. Leo sikumlaumu. Niliitazama ile sahani mpaka akaniuliza kama nataka kuiongeza kwenye yangu.

5 Desemba, Jumapili

Baada ya misa nilikwenda kwa Umba. Nilimkuta anashona kiatu.

"Nafasi ya Kyungu itabakia wazi," nikamwambia. "Hakuna muntu wa kusimama pale. Mukiinua, munainua na yake."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Kumubebea, lakini yeye hapana kuwa pale."

"Njo vile."

"Na jina?"

"Jina nitaita, mushahara na posho yake itabakia. Mutaitika."

"Na wakikukamata, kapita?"

"Watanikamata."

Aliweka kiatu chini, akapiga makofi ya heshima, yale ya mbele ya mfalme, na kusema "Eyo vidye," yaani ndiyo, mtukufu. Alikuwa ananitania, lakini kidogo tu. Kabla ya jua kuzama alikuwa amempeleka Kyungu lazareti, pamoja na mtu wa Katoto. Salomé hakuambiwa afungashe.

6 Desemba

"Kyungu?"

Niliwaona wanatazamana. Kisha Umba peke yake: "Eko."

"Kyungu?" nikarudia.

"Eko," wakaitika wote.

Wimbo aliutoa Umba, ambaye ana sauti ya mlango unaokwaruza. Reli iliinuka. Tatizo lilikuwa ile nafasi: miguu ya watu imezoea kuziba pengo, kila hatua wakawa wanasogeleana, na Umba anawakemea kwamba wanamkanyaga Kyungu. Waliifikisha. Jioni mabega yalikuwa yamechubuka na hakuna aliyelalamika mbele yangu. Nyuma yangu sijui.

9 Desemba

Leo kimetokea ambacho sikukitarajia. Watu wawili walinijia kabla sijaita majina, wakasimama mbali. "Kapita, niko na homa," alisema wa kwanza. Wa pili naye vilevile. Hawakuvaa mikono mirefu. Walikwenda lazareti wenyewe, wakipiga soga, kama watu wanaokwenda kukata nywele.

Jean alinikuta njiani. "Bantu bako banakuja na migulu yao," alisema. "Ba kikosi ingine tunabatafuta mu pori." Alitaka kujua nimewapa dawa gani.

13 Desemba

Mvua.

14 Desemba

Mvua. Bega la Umba limevimba. Nafasi nne ziko wazi.

18 Desemba

Chanjo imefika, imewatosha wazungu na madereva wa treni. Nyingine imeagizwa.

24 Desemba

Siku ya posho. Nilisimama pale nikiwataja wote, waliopo na wasiokuwepo, na mwenye ghala akapima unga bila kuinua kichwa. Salomé alikuja mwenyewe, tumbo limemtangulia. Alipokea unga wa Kyungu, akapiga goti kidogo.

"Wafwako, kapita."

Nilimwambia ashukuru mabega, siyo mimi.

"Nitaishukuru," alisema. "Lakini bega haina kinywa ya kuita jina."

Zamani ningesema mwanamke huyu ana maneno mengi. Nimebeba jibu lake mpaka nyumbani. Mvua imesimama tangu mchana na uyoga umejitokeza kila mahali.

28 Desemba

Kikosi cha upande wa Kaniama kimepoteza watu sita. Sisi, tangu Kitwa, hakuna aliyekufa. Siandiki zaidi, nisiiamshe ndui.

4 Januari 1944

Mapema alikuja, na nitaandika yote kabla hasira haijaniongezea chumvi.

Mvua ya usiku ilikuwa imekula udongo chini ya njia, na treni ya shaba ilikuwa inangoja stesheni. Alifika na kiberenge, akashuka mbali, leso puani. Nadhani alikuja kwa ajili ya njia, lakini macho yake hayakukaa kwenye njia. Alihesabu vichwa kwa kidole.

"Kapita, ita majina."

Niliita. Filimbi ilikuwa mkononi mwangu, imelowa jasho. Nilipofika kwa Kyungu ulimi ulitaka kupita, nikaulazimisha.

"Kyungu?"

"Eko," wakasema, wakitazama mbele.

"Wapi?" aliuliza Mapema.

Umba akasema, kwa utulivu wa mtu anayeonyesha kisima, "Pale, Bwana," akaonyesha pengo kati ya watu wawili.

Nilingoja anifukuze. Alitazama pengo, akatazama mengine, kisha akaniamuru niendelee na kazi. Umba akatoa wimbo, reli ikainuka, wakaipeleka mahali pake vizuri kuliko siku zote. Nilijivuna. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu. Mapema aliondoa leso puani.

"Vizuri," alisema. "Reli inaenda bila bale bantu. Basi haina kazi na bo. Kesho utaondoa majina, na nyumba yabo tutapa wengine."

Tangu nianze kazi sijasikia jibu lenye mpangilio kama hilo. Lilikuwa limenyooka, nami nilitamani kumtupia kiko. Kumbe tulipokuwa tunawabebea, tulikuwa pia tunamwonyesha kwamba hawahitajiki.

Reli ya pili ilikuwa inangoja. Umba aliwapanga watu, akatema mate mikononi, akaimba. Neno la mwisho lilifika. Wote waliinama, shingo zikatoka mishipa, mmoja akaguna, na reli haikusogea. Akaimba tena. Waliinama tena, nyuso zimekunjamana kwa uchungu, hata mimi ningeamini kama nisingewajua. Reli ililala kwenye kokoto.

"Nini?" alisema Mapema.

Umba aliinuka, akajifuta uso kwa kiganja. "Bwana, ile ya kwanza Kyungu alitusaidia. Sasa umeondoa ye. Reli iko nzito."

Hakuna aliyecheka. Kule stesheni treni ya shaba ilipiga honi, ndefu, kisha tena. Mapema ni mtu wa saa, na saa ilikuwa mkononi mwake. Alinitazama mimi, siyo Umba, na nikaona anajua, na anajua kwamba ninajua. Wingu lilikuwa limefika juu yetu.

"Bafanye vile banafanyaka siku zote," alisema mwisho. Alipanda kiberenge. Kabla ya kuondoka akaninyooshea kidole. "Weye, kapita. Siku filimbi yako haitalia, nitatafuta kapita ingine. Siku ileile."

Reli ya pili iliinuka kwa wimbo wa kwanza.

Nataka niandike wazi: Mapema hakutuhurumia. Alihitaji njia. Lakini watu hawa, ambao nimewaona miaka yote kama miguu na mabega, nimewapenda leo.

8 Januari

Kyungu ametoka lazareti pamoja na mtu wa Katoto. Uso wake sasa ni ndugu wa uso wa Umba. Aliingia kwenye nafasi yake, na walio mbele na nyuma walitembea ovyo siku nzima, wamezoea pengo. Sauti yake imebaki nzima.

11 Januari

Salomé amejifungua mtoto wa kike, nyumbani kwao, kwenye kitanda chao. Valérie ndiye aliyempokea mtoto.

13 Januari

Mvua.

17 Januari

Kichwa, na mgongo wa chini. Ni uchovu.

18 Januari

Si uchovu. Nilipuliza filimbi na kuita majina nikiwa mbali, nikisema nina mafua. Sijui nimeipata kwa nani. Nimekuwa nikitembea kati yao wote.

Mchana nilifanya jambo ambalo halina budi kuandikwa. Nilirudi nyumbani na kutafuta shati la mikono mirefu. Valérie alinikuta nimeshikilia kofia pia.

"Baba Mathilde, shati ile ni ya nini na hii joto?"

Nikakaa kitandani. Nilimweleza kitu kilichonitia hofu kuliko homa. Nafasi zote zinazobaki wazi ziko kwenye reli. Kapita habebi. Mimi sina nafasi, kwa hiyo sina pa kubebewa. Asubuhi filimbi isipolia, Mapema hatagusa kikombe, na kabla ya jioni kutakuwa na kapita mwingine, na nyumba hii itapigwa chokaa. Valérie atapewa treni kama mke wa Kitwa. Nilikuwa nalia, na sikujali.

Valérie alilichukua shati mikononi mwangu, akalikunja. "Hautaenda kubaua bale bantu," alisema. "Kuhama, nitahama."

Nimemwelewa Kitwa leo. Nimechelewa.

19 Januari

Nimeingia lazareti kwa miguu yangu. Filimbi nimeitundika kwenye msumari wa mlango, nyumbani. Jean amenipa mkeka karibu na dirisha.

20 Januari

Niliamka kabla ya Mapema. Nilitaka nikutane na ule ukimya wa filimbi mara moja, niumalize. Kutoka hapa baraza yake inaonekana kidogo, kati ya ghala na mti: kiti, meza, kikombe. Alitoka, akakaa. Hakukigusa kikombe. Alitoa saa.

Filimbi ikalia.

Haikuwa pumzi yangu. Mimi hupuliza mara mbili, fupi, kama mtu mwenye heshima. Hii ilianza kwa kukoroma, ikapanda, ikakaa juu ikitetemeka, kisha ikashuka polepole mpaka kwenye neno la mwisho la wimbo wa kuinua reli. Kumbe Valérie amempa Kyungu filimbi yangu. Kyungu hawezi kupuliza filimbi, anaimba nayo. Hata kiziwi angejua kwamba si mimi. Kule barazani mkono ulibaki hewani na saa yake. Treni ya shaba ilikuwa inapumua stesheni. Kisha mkono ukashuka, ukachukua kikombe.

Mvua ilikuwa bado, na sauti zilifika vizuri. Umba aliita majina kwa ile sauti yake ya mlango, ya wazima na ya tuliolala huku, na kila jina liliitikiwa. Mgonjwa wa mkeka wa pili aliposikia lake alicheka mpaka akakohoa. Nilidhani wamemaliza, maana mimi huishia hapo. Kapita hajiiti.

"Mwanza?" aliita Umba.

"Eko," waliitika, wote.

Jean aliingia na ndoo ya maji, akaniona uso umelowa machozi, akaiweka ndoo chini haraka. "Kapita, iko inauma wapi? Nimwite docteur?"

Nikamwambia asinisumbue, niko kazini.